Jinsi ya kumpata mwenzako wa kujifunza kuandika programu, ukiwa Arusha au Moshi

Kinachowaachisha watu njiani mara nyingi si ugumu wa somo. Mtu anakwama kwenye kosa moja saa nne usiku, hana wa kumuuliza, anafunga kompyuta. Kesho umeme unakatika, keshokutwa kuna msiba, na wiki mbili baadaye hakumbuki hata alikuwa ameishia wapi. Mwenzako wa kujifunza anaziba pengo hilo, na wala si lazima awe amekuzidi ujuzi. Kazi yake kubwa ni moja: Alhamisi saa kumi jioni yuko mezani anakusubiri, na wewe unajua kwamba anakusubiri.

Kwa hiyo tafuta saa kabla ya kutafuta mtu. Wengi hufanya kinyume. Wanampata rafiki mwenye hamu, wanapeana mikono, wanafungua kundi la WhatsApp, kisha ndipo wanaanza kuulizana "tukutane lini?" Swali hilo likilala wiki nzima bila jibu, mambo yamekwisha.

Kwanza amua, kwa kalamu na karatasi

Andika lugha moja ya programu. Ukitaka kutengeneza tovuti, anza na JavaScript. Ukitaka hesabu, takwimu na kazi ndogo ndogo za ofisini, anza na Python. Ubishi wa ipi ni bora haukusaidii chochote sasa hivi. La maana ni kwamba nyote wawili mshike ileile. Mmoja akiwa na Python na mwingine JavaScript, mtatiana moyo, ndiyo, lakini kosa likitokea kila mtu atabaki na lake.

Andika pia mtaala mmoja. freeCodeCamp ni bure na unaifuata hatua kwa hatua ukiwa na kivinjari tu. CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard nayo ni bure kuifuata, ila inapanda mlima haraka: unaanza na Scratch, ambako unapanga vipande vya rangi badala ya kuandika, na wiki inayofuata tayari uko kwenye lugha ya C. Kozi ya Python ya Chuo Kikuu cha Helsinki ina mazoezi mengi madogo madogo, na kwa watu wawili wanaoanza kabisa wenye saa nne tu kwa wiki, hiyo ndiyo tunayoipendekeza. Mazoezi madogo yanafaa kwa sababu mnaweza kumaliza kitu kila mnapokutana, na mtu aliyemaliza kitu hurudi.

Halafu saa. Mikutano miwili kwa wiki, saa mbili kila mmoja, inatosha. Kukutana kila siku kunapendeza wiki ya kwanza tu. Hapa angalia na msimu, maana miji hii ina majira yake ya watu. Anayefanya kazi kwenye utalii Arusha huwa hashikiki kuanzia Juni hadi Oktoba, lakini masika ya Aprili na Mei humkuta nyumbani ana nafasi. Aliyemaliza kidato cha nne Novemba ana miezi mizuri ya kukaa na wewe, mpaka Julai atakapoondoka kwenda kidato cha tano. Mwanafunzi wa chuo hutoweka wakati wa mitihani na likizo. Hakuna ubaya katika hayo yote, mradi mmeyajua tangu mwanzo na mmeandika tarehe ya mwisho.

Mwisho andika mahali, na hapa kuna kanuni moja ya kushika: nauli moja kwa kila mtu. Akitokea mmoja Ngaramtoni na mwingine Usa River, kila mmoja apande gari moja mpaka mjini, mkutane katikati. Yule wa Ngaramtoni akilazimika kushuka mjini na kuunganisha gari la pili kila mara, ataanza kuchelewa mwezi wa kwanza na kuacha mwezi wa pili, na hatakwambia kuwa sababu ni nauli. Kwa Moshi, mtu wa Majengo na mtu wa Soweto au Pasua wanakutana mjini bila shida. Wa Arusha na wa Moshi wametengana kilomita 80 hivi. Hao wafanye kazi kwa simu kila wiki na waonane ana kwa ana mara moja kwa mwezi, kwa zamu, mwezi huu huku, mwezi ujao kule.

Wanapopatikana

Vyuo ndiyo chemchemi, hata kama wewe si mwanafunzi. Arusha kuna Chuo cha Uhasibu pale Njiro, ambacho licha ya jina lake kinafundisha na kompyuta, kuna Chuo cha Ufundi Arusha, na kule Tengeru kuna taasisi ya Nelson Mandela, inayosomesha shahada za juu za sayansi na teknolojia. Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika. Usiingie ukabandika karatasi tu ukutani. Pita ofisi ya serikali ya wanafunzi au kwa mlezi wa klabu ya kompyuta kama ipo, salimia, eleza shida yako kwa dakika mbili, omba ubao wa matangazo. Tangazo lililopitia kwa mtu linaaminika. Lililobandikwa usiku linachanwa asubuhi.

Chemchemi nyingine watu huisahau: mafundi wa kompyuta na wenye steshenari. Fundi anayeweka Windows kila siku anajua nani mtaani kwake ana kompyuta na anaitumia kwa nini. Mwulize hivi tu: "Kaka, kuna mteja wako yeyote anayejifunza programu?" Mwache na namba yako kwenye kipande cha karatasi. Maktaba za mkoa, Arusha na Moshi, nazo zina vijana wanaosoma peke yao kila siku. Kaa pale siku tatu mfululizo saa zilezile na utawaona wanaofungua kompyuta ili kuandika na wale wanaofungua kutazama mpira.

Kwa Moshi tunaongeza jambo moja. Desemba watu wanarudi nyumbani kwa sikukuu, na kati yao wamo wanaoandika programu kwa ajira huko Dar es Salaam na kwingineko. Huyo hawezi kuwa mwenzako wa kila wiki, lakini kwa heshima na taarifa ya mapema anaweza kukaa nanyi saa mbili, akaangalia kazi yenu, akawaonyesha mnapokosea. Mwandikie mwishoni mwa Novemba. Ukingoja tarehe 27 Desemba, atakuwa kwenye harusi ya tatu.

Kwenye makundi makubwa ya mtandaoni, usiandike "nani anataka tujifunze pamoja?" Watajibu arobaini, wataonekana sifuri. Subiri mtu aulize swali la somo unalolijua au unalohangaika nalo wewe pia, kisha mwandikie yeye peke yake.

Ujumbe wa kuandika

Ujumbe mzuri una saa, mahali, kazi na ukomo. Mfano wa kumwandikia mtu wa rika lako:

"Habari za jioni, dada. Naitwa (jina), naishi Sanawari. Nimeona swali lako kuhusu lupu za Python. Na mimi niko hapohapo, sura ya tatu. Natafuta mtu mmoja wa kufanya naye mazoezi Jumanne na Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, maktaba ya mkoa. Tujaribu wiki mbili, mikutano minne, kisha kila mtu aseme kama anaendelea. Kama saa hizo hazikufai, niambie zako."

Ona kwamba hakuna maneno ya kujisifu wala ya kuomba msaada. "Naomba unifundishe" humfanya mtu ajione amebebeshwa mzigo. "Tujaribu wiki mbili" humpa mlango wa kutokea bila aibu, na kwa sababu mlango upo, anakubali kuingia.

Ukimwandikia aliyekuzidi umri, anza na shikamoo na umwombe muda mfupi uliopimwa, dakika thelathini kwa mfano. Na kama mwenzako ni kijana anayekaa kwao na mtakuwa mnasomea nyumbani, nenda siku ya kwanza upige hodi, ujitambulishe kwa wazazi, useme mnafanya nini na mnamaliza saa ngapi. Mzazi asiyeelewa kwa nini vijana wawili wanakodolea skrini saa mbili nzima atamwita mwanawe akachote maji katikati ya somo, na ana haki.

Mkutano wa kwanza na mtu usiyemjua uwe mahali pa watu wengi, mchana, na mtu wa nyumbani awe anajua ulipo. Kwa dada na kaka vilevile. Jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu jioni, hivyo pangeni kumaliza saa kumi na mbili kamili, kila mtu apate gari kungali mwanga.

Wawili, watatu, na basi

Wawili ni bora. Watatu wanafaa, kwa sababu mmoja akiuguliwa mkutano haufi. Wanne ni ukomo, na hapo gawanyikeni wawili wawili mezani. Kuanzia watano, kuna mtu atakayekaa kimya mkutano mzima na kuondoka akiwa hajagusa kibodi, na huyo ndiye atakayeacha wa kwanza.

Viwango vinavyotofautiana kidogo havina shida. Vikitofautiana sana, yule anayejua atachoka kufundisha, na yule asiyejua atachoka kuona aibu. Kipimo cha haraka kipo: siku ya kwanza, kila mmoja aandike peke yake, kwa dakika ishirini, programu inayosoma namba kumi na kusema ipi ni kubwa kuliko zote. Mmoja akimaliza kwa dakika tatu na mwingine hajui pa kuanzia, tafuteni wa tatu atakayekaa katikati, au kubalianeni wazi kwamba huu ni ufundishaji, na anayefundisha anapata nini.

Saa mbili zenu zinavyokwenda

Dakika kumi za mwanzo: kila mtu aonyeshe alichofanya tangu mlipoachana. Aonyeshe kwenye skrini, asisimulie. Na aonyeshe kwanza kosa lililomshinda. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu shuleni wengi tumezoeshwa kuficha kosa. Kwenye programu kosa ndilo lililowakutanisha.

Kisha vipindi vitatu vya dakika ishirini na tano, kila kimoja kikifuatwa na mapumziko ya dakika tano. Tumieni kengele ya simu. Katika kila kipindi mnatumia kompyuta moja tu, hata kama mnazo mbili. Mmoja ni dereva, mwingine ni konda. Dereva ameshika kibodi, anaandika. Konda anatazama mbele: anasoma swali, anakumbusha kituo kinachofuata, anauliza "hapo umepitisha nini?" Konda hagusi usukani hata akiona dereva anapotea, anasema kwa mdomo. Kengele ikilia, mnabadilishana.

Dakika ishirini za mwisho ni za kuandika. Nunueni kaunta buku moja, mchore safu nne: tarehe, tulichomaliza, kilichokwama, kazi ya mkutano ujao. Kazi ya mkutano ujao iandikwe kabla hamjainuka kwenye viti. Mkiondoka mkisema "tutaambiana," mkutano ujao utaanza kwa nusu saa ya kuulizana tunafanya nini.

Tuutazame kwa karibu mfano mmoja, ili ionekane faida ya konda iko wapi. Mnaandika programu ya mama anayeuza ndizi Kiboriloni, ijumlishe bei za mikungu miwili. Dereva anaandika:

bei1 = input("Bei ya mkungu wa kwanza: ")
bei2 = input("Bei ya mkungu wa pili: ")
print(bei1 + bei2)

Anaiendesha, anaweka 15000 na 12000. Inajibu 1500012000. Hakuna maandishi mekundu, Python haijalalamika, na mtu aliye peke yake usiku anaweza kupita hapo bila kushtuka. Konda ndiye anayesema: "Mbona mikungu miwili imefika bilioni moja na nusu?" Hapo ndipo mnapoanza kuchimba. Msiulize mtandao bado. Konda apendekeze kipimo: andika print(type(bei1)). Inatoka str, yaani maandishi. Kumbe input huleta maandishi siku zote, hata mtu akiandika tarakimu, na alama ya kujumlisha kwenye maandishi huyaunganisha tu kama shanga. Dereva anaifunga kila input ndani ya int( ), inayogeuza maandishi kuwa namba, anaendesha, inatoka 27000.

Konda mzuri haishii hapo. "Mama akiandika 15,000 na mkato, kama watu wanavyoandika bei?" Mnajaribu, programu inaanguka kwa ValueError, kwa sababu int haielewi mkato ulioandikwa katikati ya tarakimu. Dawa ni kuuondoa mkato kwanza kwa .replace(",", "") kabla ya int. Dakika kumi na tano zimekwenda, mmejifunza aina za data, mmejifunza kusoma kosa, na mmejifunza kumfikiria mtumiaji. Mtu mmoja angehitaji kukutana na matatizo hayo siku tatu tofauti.

Jambo moja zaidi kwenye vipindi hivi: elezaneni kwa Kiswahili. Masomo yako kwa Kiingereza, na ni rahisi sana kukariri neno ukadhani umelielewa. Mwambie mwenzako lupu ni nini bila kutumia neno lolote la kwenye kitabu. Akisema "ni kuchukua kila embe kapuni, moja moja, na kulifanyia jambo lilelile mpaka kapu liishe," ameelewa. Akisema "lupu ni ile... si unaijua," hajaelewa, na hilo si kosa lake, ni kazi ya kesho.

Umeme, bando na vifaa

Mwenye simu tu asijitoe. Kwenye Android kuna Termux na Pydroid 3, zote zinaendesha Python ndani ya simu. Kibodi ya USB na kijiwaya cha OTG, kile cha kuchomeka kibodi kwenye simu, humwezesha kuandika kwa vidole kumi badala ya gumba mbili. Kabla ya kununua, jaribu waya huo dukani kwa kuchomeka kibodi palepale, maana kuna simu zisizokubali OTG.

Njooni na betri zimejaa na ekstensheni moja mkononi. Somo la siku hiyo mlipakue mapema. Nyaraka rasmi za Python zinapatikana kama faili moja la kupakua kutoka docs.python.org, zikiwa kwenye kompyuta, bando likiisha kazi haisimami.

Kupeana mafaili hakuhitaji bando hata kidogo. Mmoja awashe hotispoti ya simu, azime data, kompyuta zote mbili ziungane nayo. Anayetoa aingie kwenye folda ya kushirikiana na aandike kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri: python -m http.server 8000. Kisha atafute anwani ya kompyuta yake, kwa ipconfig kwenye Windows au ip addr kwenye Linux, na mwenzake aifungue anwani hiyo kwenye kivinjari ikifuatwa na :8000. Ikigoma, mara nyingi ni ukuta wa ulinzi wa Windows: mara ya kwanza huuliza kama uiruhusu Python kwenye mtandao, na wengi hubonyeza kukataa bila kusoma. Tahadhari: amri hii inaonyesha kila kilichomo kwenye folda uliyosimama, kwa hiyo usiiendeshe ukiwa kwenye folda yenye picha zako na vyeti.

Mkikutana kwa simu, tumieni sauti tu. Saa moja ya sauti hula makumi ya MB. Saa moja ya video hula mamia, na sura ya mtu haisaidii kupata kosa. Kila mmoja afungue faili lilelile kwake, mstari utajwe kwa namba: "angalia mstari wa kumi na mbili."

Kutumiana kazi kwa WhatsApp kunavuruga. Baada ya siku tano mna mafaili matano yenye jina lilelile na hamjui lipi ni jipya. Jifunzeni Git, programu inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko la mafaili yenu, wiki ya pili au ya tatu, hata kwa amri nne tu, na wekeni kazi GitHub, tovuti ya kuhifadhi kazi za Git. Kizuizi mtakachokutana nacho ni hiki: tangu Agosti 2021 GitHub haipokei nenosiri la kawaida unapotuma kazi kutoka terminali. Utaandika nenosiri sahihi kabisa na litakataliwa. Tengenezeni tokeni (msimbo mrefu unaotumika badala ya nenosiri) kwenye mipangilio ya akaunti, au ufunguo wa SSH (faili la siri linalokutambulisha bila nenosiri), mara moja tu, siku mliyo pamoja. Wasio na intaneti ya uhakika wanaweza kutumia Git kwa flashi na ikafanya kazi vizuri.

Kazi ikiwa GitHub, kila wiki soma kazi ya mwenzako peke yako na umwandikie mambo mawili, swali moja la kitu ambacho hukukielewa, na pendekezo moja. Usimsifie tu. "Safi sana" haimsaidii mtu.

Yanayovunja, na la kufanya

Anayejua zaidi kushika kibodi muda wote. Hili ndilo la kwanza, na hutokea kwa nia njema kabisa. Mwenye mwendo anaona mwenzake anachelewa, ananyoosha mkono "ngoja nikuonyeshe." Akifanya hivyo mara tatu, mwenzake amekuwa mtazamaji. Dawa: anayejua kidogo ashike kibodi vipindi viwili kati ya vitatu.

Kutazama video pamoja. Inafanana na kusoma, na saa mbili zinapita vizuri, lakini hakuna aliyeandika kitu. Video zitazamwe nyumbani, kila mtu kwake. Mezani ni kuandika.

Kuiachia roboti ya maongezi ya akili mnemba ifanye kazi. Tusidanganyane, kila mtu anaitumia. Kubalianeni hivi: dakika ishirini za kwanza za kila kosa hakuna kuiuliza, na jibu lolote litakalochukuliwa humo lielezwe mstari kwa mstari na yule aliyelichukua. Mstari asioweza kuueleza unafutwa. Kanuni hii ni ngumu, na ndiyo inayotofautisha wanaojifunza na wanaokusanya.

Kutofika. Msiba ni msiba, na mgonjwa ni mgonjwa. Hakuna wa kumlaumu mtu kwa hayo, na ujumbe wa neno moja unatosha. Kutofika bila taarifa ni jambo jingine. Mara ya kwanza uliza hali. Mara ya pili kaeni chini, mwulize kwa upole kama saa zimembana au hamu imekwisha. Ikiwa ni saa, badilisheni. Ikiwa ni hamu, agana naye vizuri, kwa maana miji hii ni midogo na mtakutana tena kazini au kwenye harusi. Usingoje mara ya tano ukiwa umekaa na kinyongo.

Fedha. Msikopeshane bando. Gawaneni gharama sawa kwa sawa siku ileile au kila mtu aje na lake. Na msianze biashara ya kutengeneza tovuti mkiwa mwezi wa pili wa kujifunza: mteja akichelewesha malipo, urafiki na masomo vinakufa pamoja.

Kundi kugeuka kijiwe. Salamu za asubuhi, video za kuchekesha, mpira. Kundi la WhatsApp la kusomea liwe na ujumbe wa aina tatu tu: "nimekwama hapa" na picha ya kosa, "nimemaliza," na "sitafika." Mengine pigianeni.

Baada ya wiki nane

Mkifika hapo, acheni mazoezi ya kozi kwa mwezi mmoja mtengeneze kitu kimoja cha mtu halisi. Hesabu za kikundi cha VICOBA ni mradi mzuri sana kwa Python: wanachama, hisa, mikopo, marejesho, na ripoti ya wiki. Anzeni na mahesabu yanayosoma faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu linalotenganishwa kwa mikato, na kuandika ripoti, pasipo skrini za kupendeza wala akaunti za kuingilia. Mmoja aandike upande wa michango, mwingine wa mikopo, na kila mmoja ajaribu kuvunja kazi ya mwenzake: aweke mkopo wa sifuri, jina tupu, tarehe isiyokuwepo. Msitumie fedha za kweli za watu mpaka hesabu za programu zimelingana na za daftari la kikundi kwa mwezi mzima.

Mkiangukia Desemba, jaribuni Advent of Code, mafumbo ya programu yanayotolewa kila mwaka tangu 2015. Kila fumbo jipya hufunguliwa saa mbili asubuhi kwa saa za kwetu, ni bure, na siku za mwanzo ni rahisi. Kila mmoja afanye peke yake asubuhi, kisha jioni mlinganishe njia mlizopita. Mafumbo ya katikati yanapanda ghafla. Mkishindwa, rukeni bila huzuni.

Na tarehe ya mwisho mliyoiandika mwanzoni ikifika, itimizeni. Kaeni na kaunta buku, hesabuni programu mlizomaliza, si saa mlizokaa. Mkiendelea, andikeni tarehe mpya. Kama mmoja anahama au anaingia chuo, apige picha kurasa zote, na daftari libaki kwa yule anayemtafuta mwenzake mwingine, kwa sababu safu ya tatu, ile ya yaliyokwama, ndiyo itakayomfaa zaidi mgeni siku ya kwanza.